Usisaini kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Za siku nyingi? Wanao hawajambo? Sisi wazima, ila usingizi umenipaa tangu jana Mwanaidi aliponiambia umekubali kumpa kaka yako figo. Mungu akulipe kwa moyo huo. Lakini usisaini kwanza, nakuomba.

Kaka yako ana sukari, naye mwembamba kama ufito. Kwenye harusi ya Zuhura kila nikimsemesha alinigeuzia sikio la kulia. Mama yenu naye ana sukari, na redio yake ya jikoni anaibandika sikioni. Sasa figo. Sukari, masikio, figo, vyote upande wa mama! Marehemu dada yangu tuliambiwa miaka sita kuwa ni sukari imekula figo. Nilikuwa nikimwaga maji chooni baada yake, povu linabaki juu limetulia kama la sabuni ya unga. Ilikuwa protini inavuja. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye mitokondria, vile vinu vidogo ndani ya seli vinavyoupa mwili nguvu. Figo hazipumziki, nguvu ikipungua nazo zinachakaa. Hitilafu yenyewe ya jeni wanaiita kwa namba, 3243. Wajapani waliigundua 1990.

Mitokondria tunarithi kwa mama. Kwa hiyo kama ndiyo hiyo, watoto wa kaka yako hawamo. Wewe na wanao ndio ninaowahofia, hata kama leo hujisikii lolote, maana kila mtoto hupata kiasi chake. Ukitoa figo moja, na hiyo inayobaki ikawa nayo ni mgonjwa?

Waambie wapime jeni, kwako na kwake, na wapime kwenye mkojo pia. Kwenye damu hitilafu hii hupungua kadiri umri unavyokwenda, hata isionekane. Halafu kuna metfomini, ile dawa ya sukari, kwa watu wa hali hii inaweza kujaza asidi kwenye damu. Kaka yako kama anaimeza asiiache mwenyewe, amuulize daktari.

Sisemi umnyime ndugu yako. Yule mtoto wa baba yenu mdogo, wa Korogwe, kundi lake la damu ni lipi? Tarehe wameshakupa? Na masikio yako, Rukia, kwenye simu unanisikia sawasawa? Daktari amewahi kuuliza habari za mama? Nijibu kabla ya Jumatano, nipande gari la alfajiri tuingie kwake pamoja.

Wako,
Mama Swaumu