Miwani yako ya stendi

Tanga, 9 Februari

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi. Nilicheka uliposema umenunua miwani stendi na sasa unatia uzi kwenye sindano bila kumwita mtoto. Kisha nikanyamaza, maana na mimi nilianzia hapohapo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari wa macho nikitaka miwani ya kusomea, basi. Nikaziba jicho moja, nikasoma ile chati mpaka mstari wa chini, nikajiona bingwa. Kumbe kazi ilikuwa bado. Nikaweka kidevu kwenye mashine, ikanipulizia upepo jichoni, pwi! Niliruka! Inapima presha ya ndani ya jicho: la kushoto 29, la kulia 27. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Wakanitia matone ya kutanua mboni, daktari akachungulia mpaka nyuma, akaona mshipa wa fahamu umeanza kulika. Presha ya macho. Nilipotoka, jua la saa saba lilinichoma hata kibao cha daladala sikukisoma, nikamuuliza konda.

Na sikuwa naumwa chochote. Ugonjwa huu unakula pembeni kidogo kidogo, katikati unaendelea kuona vizuri. Mtoto wa jicho anatolewa, mtu akaona tena. Uoni ulioliwa na presha haurudi. Mimi sasa natia tone moja kila jioni, kulinda kilichobaki.

Daktari aliniuliza kama kwetu kuna aliyepofuka, kwa sababu inatembea kwenye damu. Kabla sijajibu nikakukumbuka wewe. Unakumbuka marehemu baba yako alivyokuwa akijikwaa kwenye vigoda, sisi tukasema uzee? Huenda ulikuwa uzee kweli. Hakupimwa, hatutajua.

Miwani ya stendi inakuza herufi tu, shoga yangu. Usinijibu kwamba unaona vizuri. Na mimi nilikuwa naona. Tumeshavuka arobaini zamani, nenda ukapimwe. Na shemeji na kisukari chake umburute mwende wote: yeye anatakiwa kuangaliwa nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anasoma gazeti bila shida.

Salma awasindikize, na siku hiyo usipange kushona, matone hayatakuruhusu. Chukua kofia pana. Ukirudi niandikie namba zako mbili, ya kulia na ya kushoto.

Wako,
Mama Zuhura