Kwa Nini Kuhamisha Programu ya Zamani Kunazidi Bei ya Kompyuta Mpya

Hivi karibuni mteja wetu mmoja wa Kariakoo alitwambia waziwazi kwamba tumemwibia, kwa kuwa kompyuta alijinunulia mwenyewe, nasi tukamtoza zaidi ya bei yake kwa kazi ya kuhamisha programu yake ya zamani, aliyoiita ya kunakili folda. Malalamiko ya namna hii yamezidi tangu Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye maduka wakaanza kununua mashine za Windows 11.

Folda yenyewe hunakiliwa kwa dakika chache. Ila programu nyingi za stoo na wadeni tunazozikuta madukani ziliandikwa kwa Clipper au FoxPro, zana za kutengenezea programu za kumbukumbu, enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, na Windows 11, ambayo ni ya biti 64 pekee, haiendeshi programu za DOS hata mashine iwe na nguvu kiasi gani.

Hapo ndipo hutokea kijana mwenye njia ya mkato: anaweka DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows, ile ya zamani inafunguka, na mwenye duka anashukuru. DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, wala haikukusudiwa kulinda faili moja linaloandikwa na kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Katika duka moja la vifaa vya ujenzi, kaunta mbili zilifanya kazi hivyo kwa wiki tatu. Tulipoitwa, faharasa ya faili la wadeni, yaani orodha inayoiongoza programu kupata rekodi, ilikuwa imeharibika, na mteja wao wa miaka mingi alikuwa akidaiwa mifuko ya saruji aliyokwisha kuilipia. Tulikaa na karani siku nne tukilinganisha stakabadhi moja baada ya nyingine, na gharama ikafika mara mbili ya ile waliyoikataa mwanzoni.

Printa nayo ina yake. Programu hizi hutuma maandishi moja kwa moja LPT1, yaani lile tundu pana la pini 25 ambalo kompyuta mpya hazina, na waya wa kugeuzia USB peke yake hautoshi.

Sisi huhesabu salio la kila mdaiwa kwenye mashine ya zamani na kwenye mpya, kisha mashine hizo mbili hufanya kazi sambamba hadi mwezi ufungwe na hesabu zilingane. Saa hizo ndizo tunazotoza, na hatuzipunguzi. Anayetaka makadirio atuletee folda nzima pamoja na mafaili yake ya DBF, ambamo kumbukumbu zenyewe huhifadhiwa, na asiiuze mashine ya zamani kabla hatujaiona.