Kigoma nayo ipewe gati la kutembelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme machache kuhusu ufukwe wa mji wetu. Hivi karibuni mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya Navy Pier, gati la burudani la Chicago, lenye gurudumu kubwa linalompandisha mtu karibu meta 60 juu, akaniuliza kwa nini sisi wenye ziwa refu kuliko lao hatuna kitu cha namna hiyo. Nilicheka, lakini swali lile halikuniacha, maana Chicago nayo haina bahari. Gati lile limesimama katika Ziwa Michigan, maji baridi kama haya yetu.

Wengi hudhani magati ya namna hiyo yalijengwa kwa ajili ya michezo tangu mwanzo, kumbe sivyo. Huko Uingereza, gati la Ryde lilifunguliwa mwaka 1814 kwa sababu maji yalipokupwa abiria walilazimika kubebwa mgongoni na wapagazi, kisha wakanyage mchanga mbichi hadi nchi kavu. Gati la Southend lilirefushwa mara kadhaa likafuate kina cha maji, hata leo linazidi kilometa mbili na lina treni yake ndogo. Watu waliokuwa wakingoja meli walianza kutembeatembea huku wakipunga upepo, na palipo na watu wasio na haraka hapakosi muuza chakula wala mpiga muziki. Ndivyo bendi, vibanda na bembea vilivyofuata. Navy Pier yenyewe ilifunguliwa mwaka 1916 ikipokea mizigo na abiria, ingawa tangu siku hiyo wakazi walitengewa sehemu yao ya kupumzika. Baadaye likawa chuo cha wanamaji wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha tawi la chuo kikuu kuanzia 1946 hadi 1965, na mwaka 1995 ndipo lilipofunguliwa upya kama mahali pa matembezi na burudani.

Sasa tujitazame. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo zikaletwa kutoka Dar es Salaam maelfu ya makasha yenye vipande vya meli Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani ikafunguliwa na kuunganishwa tena hapa. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nyingi, kama watu waliotarajia kuirudia. Waliofaidi grisi hiyo ni Waingereza, walioiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Sidhani kama Southend wana hadithi inayoikaribia hiyo, na bado mgeni akishuka stesheni anapiga picha jengo la Kijerumani, anauliza njia ya Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, basi.

Gurudumu silitaki. Bandari ni mahali pa kazi na uzio wake una sababu. Ninachoiomba halmashauri yetu ni kipande kimoja cha ufukwe nje ya bandari, kijengewe gati jepesi la miguu lenye mabenchi, taa, vyoo na vizuizi vya kuwalinda watoto, pamoja na mabango yanayosimulia habari za Liemba kwa Kiswahili. Mama lishe wapangiwe sehemu yao ya kukaangia migebuka, na jioni mtu atazame jua likizama nyuma ya milima ya Kongo bila kukaa juu ya mawe.

Mafundi wazingatie mambo mawili. Ziwa letu hupanda na kushuka, na miaka ya karibuni limemeza sehemu za ufukwe, kwa hiyo nguzo ziwe ndefu kuliko zinavyoonekana kuhitajika leo. Pia fedha za matengenezo zitengwe kabla ya kukata utepe: West Pier ya Brighton, iliyofunguliwa mwaka 1866, ilifungwa mwaka 1975 kwa kukosa matengenezo, ikaungua mwaka 2003, na sasa imebaki mifupa ya chuma katikati ya bahari.

Mjukuu wangu nimemwambia nimeandika. Anangoja jibu.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma