Jiji linalokua lijenge ghorofa nane, si themanini

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa maghorofa marefu unaoendelea katika ukurasa wako wa barua. Wengi waliotangulia kuandika wanasema jiji linalokua halina budi kuongeza minara katikati yake: watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki, basi twende juu. Mimi ni fundi wa lifti. Ujana wangu wote umeishia ndani ya majengo hayo, tena sehemu ambazo mpangaji hazioni, na kwa ninayoyajua humo siungi mkono hoja hiyo.

Bila lifti hakuna mnara. Mwaka 1854, mvumbuzi Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa mbele ya umati mjini New York, akaamuru kamba ikatwe, na breki yake ikashika. Baada ya hapo watu wakaanza kuiamini lifti. Mwaka 1885 Chicago ikapata Home Insurance Building, jengo la fremu ya chuma lenye ghorofa 10 tu, na mbio zikaanza. Mwaka 2010 Burj Khalifa ya Dubai ilifika mita 828. Najivunia kwamba kazi yetu ndiyo iliyowezesha hayo. Lakini lifti hudai malipo, na malipo hayo ni nafasi.

Shimo la lifti hutoboa kila ghorofa linayopitia. Jengo likirefuka, watu wanaongezeka. Watu wakiongezeka, lifti zinaongezeka. Na mashimo yote hayo yanarundikana ghorofa za chini, ambako ndiko kwenye wateja. Weka na ngazi za dharura, vyumba vya nyaya, matangi na pampu. Maji yanahitaji shinikizo la karibu bar moja kwa kila mita 10 yanazopanda, kwa hiyo mnara wa mita 200 unataka bar 20, ambazo hakuna bomba la jikoni litakalozistahimili. Inabidi maji yapandishwe kwa hatua, tangi hadi tangi. Minara pacha ya World Trade Center ya New York ililazimika kuwa na vituo vya kubadilishia lifti ghorofa ya 44 na ya 78, kama abiria anavyoshuka basi moja na kudaka jingine. Ukitazama mnara kwa nje unahesabu ghorofa zote. Mtu anayelipa kodi humo ndani anapata pungufu sana ya hizo.

Umeme nao haujifichi. Watafiti wa University College London walipima ofisi za Uingereza wakakuta kwamba jengo la ghorofa 20 na zaidi linatumia umeme karibu mara mbili na nusu ya jengo la ghorofa sita au pungufu, kwa kila mita ya mraba.

Na umeme ukikatika? Watu wengi hudhani lifti iliyokwama itaanguka. Haianguki. Upande wa pili wa kamba kuna uzani wa chuma uliopangwa kulingana na chumba cha lifti chenye karibu nusu ya abiria wake. Ndiyo maana tunapoachia breki kwa mkono kule kwenye chumba cha mashine, lifti yenye watu wachache haishuki, inapanda. Mmoja wetu anashikilia breki, mwingine anatazama alama kwenye kamba, tunaisogeza kidogo kidogo mpaka ifike usawa wa mlango. Katika jengo la ghorofa nane hiyo ni kazi ya muda mfupi. Katika mnara kuna lifti za mwendo kasi zinazopita ghorofa nyingi bila mlango hata mmoja. Ikikwama humo na isisogee, tunaleta lifti ya jirani, tunaisimamisha sambamba, tunafungua milango ya ubavuni na kumvusha mtu kutoka chumba kimoja hadi kingine, chini yake shimo tupu. Nimeshika mikono ya watu waliokuwa wakitetemeka katika nafasi hiyo. Wanaosaini vibali vya ujenzi ningependa waione.

Moto ndio unaoniogopesha zaidi. Usiku wa Juni 14, 2017, Grenfell Tower ya London, jengo la ghorofa 24, iliwaka na watu 72 wakapoteza maisha. Yapo mengi yaliyosababisha, na ukuta wa nje uliovikwa vitu vinavyoshika moto ndio mkubwa. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba askari wa zimamoto walijaribu kuzishika lifti ziwe chini ya amri yao, wakashindwa. Kifaa cha kuwapa amri hiyo ni swichi ndogo ambayo kila fundi anapaswa kuijaribu kwenye ukaguzi. Hiyo ni Uingereza, nchi yenye kanuni na wakaguzi. Mji ambao hauna uhakika na vipuri vya lifti zake za sasa unaongeza urefu kwa kutegemea nini?

Kule Caracas, Venezuela, mnara wa ghorofa 45 unaojulikana kama Torre David uliachwa nusu mwaka 1994 baada ya benki za nchi hiyo kuyumba. Kuanzia 2007 familia ziliingia zikaishi humo hadi ghorofa ya 28, bila lifti. Wazee, wajawazito, mitungi ya gesi, vyote kwa miguu. Watu wale walijipanga vizuri kuliko walivyodhaniwa, nawaheshimu kwa hilo, lakini hakuna binadamu anayestahili kupandishiwa maisha namna ile. Hata Empire State Building, iliyofunguliwa 1931 wakati uchumi umeanguka, ilikaa miaka mingi ikiwa na sakafu tupu. Mnara huanza kujengwa pesa zikiwa nyingi na humalizika pesa zikiwa zimeondoka.

Nitaulizwa: watu waende wapi, mji utambae hadi mashambani? Hapana. Nataka watu wengi zaidi katikati ya jiji kuliko wanavyotaka wapenzi wa minara. Paris ina karibu watu 20,000 kwa kilomita moja ya mraba, na sehemu kubwa ya majengo yake hayazidi ghorofa saba. Walijenga Tour Montparnasse, mita 210, ikafunguliwa 1973. Miaka minne baadaye wakaweka ukomo wa urefu ndani ya mji. Majengo yamepangana bega kwa bega, chini maduka, juu makazi. Mtu akikuta lifti imeharibika anapanda ngazi, anafika. Hong Kong imebanwa na milima na bahari, na ina treni za kubeba wale wote wanaoshuka kutoka juu, siwezi kuilaumu. Jiji lenye viwanja vya kuegesha magari na maghala matupu katikati yake halijabanwa hivyo.

Sisi mafundi hupima lifti kwa dakika tano zenye msongamano mkubwa zaidi asubuhi: zinapandisha sehemu gani ya watu wa jengo. Hakuna anayeuliza swali hilo kwa barabara iliyo mlangoni. Watu elfu kadhaa wanaotua mtaa mmoja saa ileile watapita wapi?

Kwa hiyo naiomba halmashauri yoyote inayofikiria kibali cha mnara idai mambo haya kabla ya kugonga muhuri: hesabu ya nafasi itakayobaki kwa watu baada ya mashimo na mabomba, fedha za matengenezo zilizotengwa mahali ambapo mwekezaji hawezi kuzigusa, na jaribio la lifti za zimamoto mbele ya zimamoto wenyewe. Na kwa majengo marefu yaliyopo tayari, karatasi ya ukaguzi wa mwisho ibandikwe kwenye mlango wa lifti, ikiwa na tarehe, ili anayebonyeza kitufe aisome kabla hajaingia.

Wako,
Fundi wa lifti