Barua ya wazi kwa madereva wa mbio za magari ya kale

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Nimewatazama mnavyochomekeana kwenye kona siku hizi, na moyo wangu umekataa kunyamaza.

Gari la mbio la miaka ya 1950 halisamehe. Breki zake za dramu zikipata moto huishiwa nguvu, tairi zake ni nyembamba, na mengi yalitoka kiwandani bila hata mkanda. Ukimchomekea mwenzio, unamlazimisha akanyage breki ambazo pengine hana tena. Bodi ya alumini iliyofuliwa kwa mkono fundi atainyoosha, ila haitakuwa ile ya mwanzo. Dereva aliye ndani yake hana kinga ila busara yako.

Basi anayepita ndiye ahakikishe njia ipo. Anayepitwa ashike mstari wake, asiyumbeyumbe. Bendera ya manjano mnaijua: kuna hatari mbele, punguza mwendo, usimpite mtu.

Kinachoniuma zaidi ni yale yanayofuata mkishagongana: kila mtu mbio kwa wasimamizi kumshitaki mwenzake. Mnayapenda magari ya enzi ya Stirling Moss, yule dereva Mwingereza, basi ipendeni na tabia yake. Mwaka 1958, katika Grand Prix ya Ureno, mojawapo ya mbio za ubingwa wa dunia wa Formula One, Mwingereza mwenzake Mike Hawthorn alikuwa hatarini kufutiwa nafasi ya pili kwa madai kwamba aliliendesha gari kinyume na mwelekeo wa mbio. Moss, aliyeshinda siku hiyo na aliyekuwa akigombea naye ubingwa, alikwenda mwenyewe kumtetea, na Hawthorn akabakishiwa pointi zake. Msimu ulipokwisha, Hawthorn alikuwa bingwa kwa pointi 42. Moss alikuwa na 41, ingawa alishinda mbio nne na mwenzake moja tu. Alijua anachokihatarisha, akasema kweli.

Vyama kadhaa vya Marekani vina kanuni ya 13/13: ukisababisha ajali unaondolewa mashindanoni na kuwekwa chini ya uangalizi miezi 13, ukirudia ndani ya muda huo, unafungiwa miezi 13. Wapo wanaoiona kali mno. Mimi naiunga mkono kabisa, maana hapa hakuna kombe lenye thamani ya mguu wa mtu.

Aliyemgonga mwenzake msimu huu na hajamwendea, namsihi amwendee kabla ya mbio zijazo, akiri kosa, na aulize gharama ya matengenezo.

Ni mimi mzee wenu.