Mtupime saa mbili usiku, sio mchana

Mhariri, salaam kutoka Arua, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Nimesoma kwenye gazeti lenu ile habari ya 5G kuenea, na wiki hiyohiyo watu wawili wakaingia dukani kwangu kuniuliza kama wauze simu zao wanunue za 5G. Wote niliwaambia hapana, kaeni na simu zenu. Mmoja alikasirika, akaona namzuia maendeleo, ndio maana nimeamua kuandika nieleze vizuri, kwa sababu kabla ya kufungua hili duka la kutengeneza simu na mobile money nilikuwa fundi wa minara kwa miaka saba, nimepanda minara kuanzia Pakwach mpaka Koboko, antena na dishi nimezifunga kwa mikono yangu, kwa hiyo mtandao unakwama wapi najua. Shida yetu sio simu, ni minara kujaa usiku, na ninachoomba ni mtandao upimwe saa hiyo watu wanapoutumia.

Huku kwetu kila jioni ni hivi: saa kumi na mbili mambo bado sawa, ikifika saa moja inaanza kuvuta, saa mbili usiku imekufa. Simu inaonyesha 4G, mistari imejaa yote, lakini picha ya WhatsApp inazunguka tu. Watu wananiletea simu wanasema fundi hii imeharibika, naifungua naangalia simu haina ugonjwa wowote. Kuna mama mmoja anauza nguo, anategemea kutuma picha za mzigo kwa wateja usiku wakiwa wametulia nyumbani, amebadilisha laini mara mbili mwaka huu na sasa anataka kubadilisha simu. Nimemwambia mama yangu weka hela zako, simu yako nzima, kilichojaa ni mnara.

Watu wengi wanafikiri ile mistari kwenye simu ndio spidi. Hapana jamani, ile inakuambia tu unausikia mnara vizuri kiasi gani, haisemi mko wangapi mnaoongea nao. Mnara wa kawaida umegawanywa sekta tatu, kila sekta na antena yake inaangalia upande wake, na wote mlioko upande huo mnakula sahani moja. Chukua 4G yenye chaneli ya megahezi 10, kwa makaratasi inaweza kutoa mpaka megabiti 75 kwa sekunde, lakini hiyo ni mtu mmoja amesimama karibu kabisa na mnara hana mwenzake. Mkiwa wengi, wengine mbali, wengine ndani ya nyumba ya bati, mkipata 20 za kugawana mmepata. Sasa piga hesabu, watu 100 wakifungua video saa mbili usiku kila mtu anabaki na 0.2, na kwa hiyo video haichezi, inasimama simama mpaka unachoka unazima, na bando lako linahesabiwa siku zake kama kawaida.

Hiyo ni upande wa mbele tu, upande wa mnara na simu. Upande wa nyuma ndio watu hawauoni na ndio mimi nimefanyia kazi zaidi, tulikuwa tunaita transmisheni. Data yako ikishafika mnarani lazima isafiri mpaka mjini, na vijijini inasafiri kwa zile dishi za duara mnazoziona zimefungwa pembeni, maikrowevu. Mnara wa kijijini unarushia mnara wa pili, wa pili unarushia wa tatu, mpaka ule wenye faiba, yaani waya wa kioo unaobeba data nyingi. Nimewahi kufanya kazi kwenye mnyororo wa minara mitano ambayo yote inapita kwenye dishi moja ya kuingilia kwenye faiba yenye uwezo wa megabiti 200. Minara mitano, kila mmoja sekta tatu, kila sekta 20, hiyo ni 300 zinataka kupita kwenye tundu la 200. Mchana hauoni kitu, usiku watu wa mnara wa mwisho kabisa, ulio mbali zaidi na faiba, wanaumia na hawajui hata kwanini. Na mvua ikinyesha, zile mvua zetu za Aprili au za Oktoba, redio ya maikrowevu inapunguza spidi yenyewe ili mawasiliano yasikatike kabisa, kwa hiyo 200 inaweza kushuka chini sana mpaka mvua ipite.

Sasa wewe njoo kwenye huo mnara wa mwisho ufunge redio ya 5G. Simu itaandika 5G, ndio, na data itaenda kujipanga kwenye foleni ileile.

Mimi sichukii 5G, nisieleweke vibaya. MTN walizindua yao Julai 2023, Airtel wakafuata Agosti, wakaanzia Kampala, na kwa Kampala naona walifanya jambo la maana. Pale faiba ipo mpaka mlangoni kwa mnara, watu wamebanana, na 5G ya masafa ya megahezi 3500 inapata chaneli pana sana kuliko 4G kwa hiyo kubeba gigabaiti moja kunakuwa rahisi kwa kampuni, na wale wanaotumia ruta za nyumbani na ofisini wakihamia huko wanaachia nafasi kwenye 4G na hata mtu wa Kawempe mwenye simu ya bei ya chini anapumua. Lakini masafa ya 3500 hayaendi mbali, ukuta wa tofali tu unayapunguza, na huku ambako nyumba imekaa hapa nyingine kule ng'ambo ya mto utafunga minara mingapi? Huku kinachofaa ni masafa ya chini, 800 na 900, yanayotambaa mpaka ndani ya migomba. Hiyo ndio kazi yake.

Halafu tuangalie hizi kampuni zinavyofikiria, maana hawafanyi kwa ubaya, wanafanya kwa hesabu. MTN iliingia soko la hisa la Kampala Desemba 2021, Airtel Novemba 2023, wana wenye hisa wa kuwajibu, na shilingi ikiwekwa Kampala inarudi haraka kuliko ikiwekwa Yumbe. Minara yenyewe mingi sio yao tena, MTN waliuza yao kwa American Tower, kampuni ya kumiliki minara, zaidi ya miaka kumi iliyopita, Airtel waliuza kwa Eaton, nayo ya minara, na Eaton nayo ikanunuliwa na American Tower, kwa hiyo kampuni ya simu ni mpangaji kwenye mnara, na mpangaji akitaka kuongeza antena au dishi kubwa zaidi mara nyingi kodi inapanda. Ndio maana unaona wanachelewa kuongeza uwezo mahali ambapo wateja wananunua bando za shilingi mia tano.

Na hapo ndipo yule mama wa nguo anapokosea, masikini, bila kujua. Akihama laini anafikiri amehama mtandao. Kwenye minara mingi ya huku kampuni zote mbili ziko juu ya chuma kimoja, antena tofauti lakini betri na jenereta ni za mwenye mnara. Miaka ile West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa tulikuwa tunapeleka dizeli kwa pikapu kwenye barabara mbovu, dizeli ikichelewa au ikiibiwa na betri zikaisha, kampuni zote mbili zinazima pamoja na eneo zima linakaa kimya. Zamani angalau kulikuwa na kina Warid, Orange, wakigombania mteja. Warid ikamezwa na Airtel 2013, Orange ikawa Africell 2014, na Africell yenyewe ikafunga Oktoba 2021. Wengine wadogo wapo lakini huku kwetu mtu akiamua kuhama anahama kutoka kwa mkubwa mmoja kwenda kwa mkubwa wa pili, basi.

Serikali pia ina sehemu yake, lazima niseme. 2018 walileta ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN, zile programu za kukwepa kodi hiyo, Julai 2021 wakaitoa wakaweka asilimia 12 kwenye bando la data, juu yake kuna VAT ya 18%. Ukinunua bando la shilingi 1,000, karibu robo ni kodi kabla hata hujafungua kitu. Sawa, kodi tunalipa, lakini serikali hiyohiyo inataka wafanyabiashara watoe risiti za EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, na EFRIS inataka intaneti. Mwaka jana mimi mwenyewe nilikaa na mteja dukani jioni karibu dakika arobaini, anataka ankara ya simu tatu za ofisi yao, ukurasa haufunguki, nikawasha laini ya pili haufunguki, mwisho akaondoka akanunua kwa mwingine kesho yake asubuhi. Nilipiga huduma kwa wateja ya kampuni moja, wakaniambia wameangalia eneo langu na mtandao uko sawa. Na nilijua hawanidanganyi! Wameangalia mnara unawaka, unawaka kweli. Hakuna aliyeangalia mnara unabeba nini saa ile.

Hapo ndio kiini cha barua yangu. Leseni kubwa za taifa walizopewa MTN na Airtel zina sharti la kufikisha huduma kwenye asilimia 90 ya ardhi ya nchi, na ni sharti zuri, limetuletea minara sehemu ambazo mimi nilikuwa natembea kwa miguu kutafuta sehemu ya kusikia. Lakini ukimpima mtu kwa ardhi, atakufunikia ardhi. Ataweka mnara mmoja mrefu, dishi moja nyembamba, ramani inapakwa rangi na sharti limetimia, na chini ya hiyo rangi watu elfu kadhaa wanagombania megabiti 20. UCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, wanapima ubora, najua, lakini vipimo vya barabarani ninavyovijua mimi gari inapita mchana, na wastani wa siku nzima unachanganya saa tisa usiku watu wamelala na saa mbili usiku watu wako macho, unatoka wastani mzuri ambao hakuna mtu aliyewahi kuutumia.

Naomba UCC wapime kati ya saa moja na saa nne usiku, wilaya kwa wilaya, kampuni kwa kampuni, na wachapishe matokeo kila miezi mitatu kwenye magazeti kama haya na kwenye redio, kwa lugha ambazo watu wanaelewa. Wala sio kazi ngumu, kila kampuni tayari inajua kila sekta yake imejaa kiasi gani kila saa, hizo namba ziko kwenye kompyuta zao, mimi nilikuwa natumwa kazi kwa kutumia hizohizo namba. Sharti la leseni liongezwe: sekta ikijaa saa ya msongamano kwa miezi kadhaa mfululizo, lazima ipanuliwe. Simu ikiandika 4G ama 5G ama H+ mimi hainisumbui, spidi ikiwa ipo.

Na faiba. Faiba ya serikali chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, imefika West Nile, ofisi za wilaya zinaitumia. Umeme wa gridi nao umekuja na nyaya za msongo mkubwa kwa kawaida hubeba faiba ndani ya ule waya wa juu kabisa. Kwanini mnara ulioko karibu kabisa na faiba bado unarusha kwa dishi kilomita 30? Nimeuona mnara kama huo kwa macho yangu, sio mmoja. Bei ya kukodi iwe ya kueleweka, kampuni ziingie, mnyororo wa minara mitano ukatwe uwe wa miwili, hapo mvua ikinyesha haitawazima watu wa mwisho. Mei 2024 zile nyaya za baharini EASSy na Seacom zilipokatika nchi nzima ilipiga kelele na ilikuwa haki, lakini huku ile hali ya siku ile sisi tunaijua kila jioni na hakuna anayeiandika.

Jambo dogo la mwisho, la simu zenyewe. Kwenye meza yangu ya ufundi zinazokuja nyingi bado ni katochi, zile simu ndogo za vitufe, na smatifoni za 4G za bei ya chini ambazo nyingi haziwezi kupiga simu ya sauti juu ya 4G, kwa hiyo simu ikiingia zinashuka 3G ama 2G ndio ziongee, utaona ile alama inabadilika. Kampuni zikianza kuchukua masafa ya 3G ama 2G kupeleka kwenye 4G na 5G, na najua watafanya siku moja kwa sababu masafa ni mali, watuambie mapema kabisa, sio mzee wa Terego aamke asubuhi katochi yake haisomi na hela za mtoto wake ziko ndani ya mobile money.

Kama kuna mtu wa UCC ama wa kampuni yoyote anasoma hapa na anataka kuanza kupima, Arua ni pazuri pa kuanzia na mimi niko tayari kumtembeza bila malipo, minara ya njia ya Koboko naijua mmoja mmoja. Aje saa mbili kasoro, duka nafunga saa tatu.

Fundi simu, Arua