Kabla hujanunua turbo ya pili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuseme na wenye magari ya turbo yenye gia za mkono: Hilux, Prado na Hiace za dizeli, pamoja na Impreza na Forester za petroli. Kinachotuuma ni kuona mtu ananunua turbo kwa fedha nyingi, inafungwa, na kabla mwezi haujaisha nayo imekufa. Watu husema turbo za siku hizi ni feki. Zipo feki, hatukatai. Lakini mara nyingi kilichoua ya kwanza kimebaki ndani ya injini kikiisubiri ya pili, au kiko kwenye mguu wa dereva.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa kwenye silinda. Shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na katika magari mengi haikai juu ya gololi. Inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika kidogo tu, chuma kinasaga chuma.

Tuanze na gia. Gari la otomatiki hujishushia gia lenyewe ukikanyaga mafuta. La gia za mkono linakusubiri wewe. Uko gia ya tano, mshale wa mizunguko ya injini uko 1,300, mlima umeanza, nawe unakandamiza hadi chini ukiamini unabana mafuta. Gari linatetemeka na kukoroma. Hapo turbo inajaza hewa kwenye injini inayozunguka polepole, presha ya silinda inapanda, huku pampu ya oili nayo ikizunguka polepole. Beringi za kranki, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, ndizo zinazolipa. Kwenye petroli utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, na Subaru zenye injini za EJ zinajulikana kwa kupasuka pistoni pale kwenye kingo za ringi. WRX nyingi, zile Impreza za turbo, zilizotoka Japani zilisetiwa kwa petroli ya kule ya daraja la juu, yenye oktani (kipimo cha petroli kuhimili presha bila kulipuka kabla ya wakati) karibu 100. Ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Ukisikia kokoto, toa mguu, shusha gia. Kwa makadirio, kabla ya kukanyaga kwa nguvu, dizeli iwe imefika 1,600 na petroli 2,500.

Halafu kuna ile sekunde ya turbo kuchelewa. Unakanyaga, gari linatulia kidogo, kisha linaruka. Asiyelizoea huongeza mguu wakati wa kusubiri, na nguvu inamjia yote kwa mpigo katikati ya kona. Ukitaka kulipita lori, shuka kutoka tano hadi nne au tatu ukiwa bado nyuma yake, kwenye upande wako. Kushusha gia ukiwa tayari umetoka ni kuitupa presha pale pale unapoihitaji, maana ukiinua mguu na kukanyaga klachi, turbo inapoa nguvu na kuanza upya.

Klachi yenyewe ipime hivi: gia ya nne, kama kilomita 60 kwa saa, kwenye kilima, kandamiza mafuta. Presha ikiingia mshale ukaruka na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Usilishike gari mlimani kwa klachi, breki ya mkono ipo.

Sasa kuzima. Chukua mlima Kitonga: umepanda kutoka Ruaha Mbuyuni na mzigo, gia ya pili na ya tatu, turbo imeiva. Kwenye petroli moshi unaoingia humo unaweza kufika nyuzi 900, na kwa usiku nyumba ya turbo huonekana nyekundu kama kaa la moto. Dereva anafika juu, anaegesha kutazama matairi, anazima papo hapo. Oili iliyosimama kwenye shafti inaungua na kuganda kama masizi magumu, na kila safari inaongeza tabaka. Ukilazimika kusimama pale juu, acha injini iungurume dakika mbili bila kuikanyaga. Ukiendelea hadi Ilula, nenda taratibu kilomita tatu za mwisho, ukifika zima tu. Baada ya mizunguko ya kawaida ya mjini hakuna cha kusubiri.

Kwa hiyo kile kifaa kinachochelewesha injini kuzima baada ya kutoa ufunguo hatukipendi, hasa kwenye gia za mkono. Gari linabaki likiunguruma bila mtu, haliwezi kuachwa kwenye gia, linashikwa na breki ya mkono peke yake. Kebo ikilegea kwenye mteremko, linaondoka.

Oili ndiyo tunayoililia zaidi. Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, daraja lile lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na oili ya kupima iacheni kabisa. Injini ya 1KD-FTV, ile dizeli ya lita 3, ina ugonjwa wake: washa za shaba (pete nyembamba) zilizo chini ya nozeli zinazopulizia dizeli zikichoka, moshi wa silinda unapenya na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa kama lami, inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba wavu wa bomba linalonyonya oili. Dalili ni mbili. Ukiwasha asubuhi, taa ya oili inachelewa kuzima. Na ukifungua kifuniko cha kujazia oili unakuta ukoko mweusi mgumu. Ukifunga turbo mpya juu ya wavu ulioziba, umeitupa. Sampu ishushwe, wavu uoshwe, washa zote nne ziwekwe mpya. Ya zamani hairudishwi hata ikionekana nzima. Kwenye Subaru nyingi za EJ, boliti yenye tundu inayoshika bomba la oili ina kichujio kidogo sana ndani yake. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu huku kijiti cha kupimia kikionyesha oili imejaa.

Na si kila gari lililokosa nguvu lina turbo mbovu. Shika kwanza mipira ya hewa kati ya turbo, intakula (kile kipoza hewa ya turbo) na injini. Klipu ikilegea, dizeli inatoa moshi mweusi, unasikia upepo ukikanyaga, na ukipapasa maungio yana unyevu wa oili. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa mpira wa kuingizia hewa ushike ncha ya shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikiingia na kutoka, au feni ikigusa ukuta, hapo nunua.

Mwenye dizeli asipuuze moshi wa bluu. Sili za turbo zikiachia, oili inaingia kwenye hewa ya injini na injini inaanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, mizunguko inapanda, na ufunguo hauizimi. Hapa gia za mkono zinaokoa. Watu waondoke mbele na nyuma ya gari, kandamiza breki kwa nguvu zote, vuta na ya mkono, weka gia ya juu kabisa, kisha achia klachi kwa mpigo. Injini itakabwa na kuzimika. Usiiwashe tena kujaribu. Intakula na mabomba yake yamejaa oili, na yasipotolewa na kumwagwa hadi yakauke, injini itanyonya oili hiyo hiyo siku ya kwanza ya turbo mpya.

Mafundi wa injini,
Iringa